Deni haifungi mutu

Wachimbaji wanaokuja kwa syndicat yetu wakitoka kasho, wengi wanasema: "Nilifungwa juu ya deni." Wanasema sawa vile ni jambo la kawaida. Lakini Katiba ya 2006, article 61, inakataza kufunga mutu juu ya deni, na inakataza hata wakati wa état de siège. Mei 2021, hapa Kivu ya Kaskazini na kule Ituri, kesi za penal zilitoka kwa matribinali ya raia zikaenda kwa wanajeshi. Article 61 yenyewe haikwenda popote.

Sasa wanafungaka namna gani? Kwa neno moja tu. Négociant wa Rubaya anatanguliza makuta, tuseme dola 500, wachimbaji wapate chakula na mafuta ya pompe. Shimo ikikosa coltan, hakuna cha kulipa. Ile ni deni, na deni inaenda mbele ya juge wa civil. Lakini kwa OPJ malalamiko inaandikwa "abus de confiance" ao "escroquerie", makosa ya Code pénal yenye kuweza kufikisha mutu miaka 5 ya gereza.

Tuseme kweli: kuna wenzetu wanaokunywa ile pesa ya mafuta, kisha wanakimbilia Walikale. Mutu akipewa franga kwa kazi fulani, akaila kwa udanganyifu, hiyo inaweza kuwa abus de confiance. Escroquerie nayo inadai uongo, kama vile jina la uongo ao ujanja wa kutosha mutu mali yake. Shimo kukosa madini si uongo.

Njo maana ukiitwa, uliza ni neno gani iliandikwa kwa PV. Usitie sahihi kabla ya kusomewa kwa Kiswahili. Article 18 inasema uelezwe sababu palepale, kwa luga unayosikia, na uweze kuongea na familia ao avocat wako. Garde à vue haipite saa 48. Zikiisha, wakuachilie ao wakufikishe mbele ya sheria. Makuta ya "kufungua mlango" wanayoombaka familia, sijaiona ndani ya ile article.

Na wakikukosa nyumbani, wasibebe bibi yako ao mdogo wako mahali pako. Article 17: hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine.