Swali Ambalo Wenzako Walishaliona

Tuseme uko Kidato cha Tatu. Umedandia matatu Kisumu alfajiri, ukashuka Maseno, na sasa umeketi kidole kikiwa juu ya kengele. Msomaji anaanza tu, "Mji huu wa Kenya uliitwa..." na timu ya pili imeshabonyeza. Wamepata. Linalofuata, vivyo hivyo. Baadaye mmoja wao anakuonyesha simu: swali lilelile, neno kwa neno, hata kosa la tahajia halikurekebishwa. Walilifanyia mazoezi wiki jana.

Hao wenzako hawana hatia, hilo tulimalize mapema. Kupitia maswali ya zamani ndiyo mazoezi yenyewe. Mwenye kesi ya kujibu ni aliyewauzia waandaaji maswali ya watu akidai ni mapya.

Mbona afanye hivyo? Swali zuri lina kazi bana. Utafute jambo, ulihakikishe kwingine, kisha upange vidokezo kutoka kigumu hadi rahisi ili anayejua zaidi abonyeze mapema. Kunakili ni dakika mbili, na malipo ni yaleyale.

Kortini huenda usifike mbali. Mmarekani Fred Worth, mwandishi wa vitabu vya chemshabongo, aliweka mtego katika kitabu chake: alibuni kwamba Columbo, yule mpelelezi wa runinga, jina lake la kwanza ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit ukatoka na jibu hilohilo! Akashtaki mwaka 1984, akashindwa, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikamkatalia tena. Hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, si habari yenyewe. Kwamba Ikweta inapita Maseno si mali ya mtu, ingawa aliyenakili sentensi nzima nzima, kama huyu wetu, ana kibarua kigumu zaidi cha kujitetea.

Lakini wewe hukupanda matatu kwa sababu ya hakimiliki. Ulikuja kupimwa na wenzako kwa maswali ambayo hakuna aliyeyaona, na nauli hiyo mzazi aliitafuta kwa jasho.

Kwa hivyo waandaaji wakiomba radhi na kubadilisha muuzaji kimyakimya, naona hawajafanya kitu. Maswali yaliyonakiliwa yafutwe, na raundi iliyoamuliwa nayo irudiwe hata kama kombe lishabebwa. (Ndiyo, itauma.) Orodha ya maswali hayo itumwe kwa kila shule iliyoshiriki, muuzaji arudishe pesa, na mkataba ujao udai kila swali liwe na jina la mwandishi na mahali alipotoa habari. Anayenakili hukwama hapo kwenye chanzo.

Nawe ukisikia swali unalolijua kwa moyo, inua mkono uambie meza ya waamuzi kabla hujajibu. Utapoteza alama kumi, pengine. Waamuzi nao watalazimika kuuliza lilitoka wapi, ukumbi mzima ukisikia.