Hema Nyepesi ni ya Shamba na Safari, Siyo ya Kulea Watoto

Siku hizi vijana wetu wanabishana juu ya hema ndogo, zile za kukunja ambazo unafunga nyuma ya bodaboda na kwenda nazo. Wengine wanataka pesa ya kikundi inunue mbili tatu. Wengine wanasema tuombe watu wema walete nyingi, tuwagawie wageni wanaovuka mpaka kutoka Kongo na Sudan Kusini. Sisi tumezungumza, na jibu letu ni hili: kwa shamba na safari, ndiyo. Kwa makazi ya familia, hapana.

Tuanze na ndiyo. Wengi wetu huku kati ya Adumi na Koboko tunalima mashamba ya kukodi kwa wenyeji, na mengi yako mbali na nyumbani. Karanga zikikomaa na mahindi yakianza kukauka, lazima mtu alale huko, la sivyo nyani, mbuzi na wezi watavuna kabla yako. Hapo hema ya kilo mbili au tatu ni chombo cha kazi kama jembe. Moja nzuri inaweza kuzunguka kwa zamu kati ya watu wanne watano.

Shida ni kwamba vijana wakifika sokoni wanaangalia rangi na wepesi tu. Sisi tunasema wepesi uwe swali la mwisho. La kwanza ni tabaka. Ukilala ndani ya hema ya kitambaa kimoja, pumzi yako inageuka maji kwenye kitambaa baridi, na asubuhi blanketi imelowa kana kwamba ilinyesha. Nzuri ina tabaka mbili: ndani wavu, juu kifuniko cha mvua, na hewa inapita katikati. Wavu huo unazuia mbu pia, na malaria ya West Nile siyo mchezo, tunaijua wote.

Pili, angalia maji yatapita wapi. Sakafu ipande ukutani kidogo kama karai. Geuza mshono uone kama umezibwa kwa utepe. Kwenye lebo tafuta namba ya milimita, maana ndiyo kimo cha maji ambacho kitambaa kinavumilia kabla ya kuvuja. Kwa kifuniko, 1500 inatosha mvua ya kawaida. Kwa sakafu unayoikandamiza na mwili wako, tafuta 3000 au zaidi. Tatu, fito. Za alumini zinapinda na unaweza kuzinyoosha. Za faibagilasi ni bei nafuu, lakini zikipasuka zinachoma mikono na zinatoboa kitambaa. Na ile lebo ya "watu wawili" inamaanisha wawili waliobanana, bila begi wala jembe. Mkiwa wawili, chukueni ya watatu.

Kuitumia nako kuna adabu yake. Mvua zetu zinaanza karibu Aprili mpaka Novemba, na kabla ya mvua unakuja upepo. Kwa hiyo vuta kamba zote hata kama mbingu iko safi. Simamisha mahali palipoinuka kidogo, siyo bondeni, wala chini ya tawi kavu. Kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama tofali na vigingi vinapinda, basi funga kamba kwenye mawe makubwa. Mchana ishushe, maana jua linakula nailoni polepole. Usiikunje ikiwa mbichi, itaoza na kunuka. Na tafadhali, sigiri isiingie ndani hata dakika moja, hata kwa baridi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala na haamki tena.

Sasa hapana yetu. Hema ya watu wawili ina urefu wa mita 2 na kidogo, upana kama mita 1.4. Piga hesabu: haifiki mita 3 za mraba. Kiwango cha kimataifa cha misaada ya dharura, kile cha Sphere, kinasema kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba za kuishi, na jiko halijahesabiwa hapo. Yaani hema ya watu wawili haimtoshi hata mtu mmoja. Sasa mama na watoto wanne je? Watapikia wapi? Msichana atabadilisha nguo wapi? Mtu mzima hawezi hata kusimama ndani.

Na haya siyo mawazo tu. Kule Calais, Ufaransa, mwaka 2015 na 2016, maelfu ya wakimbizi waliishi kwenye hema za kambi za likizo, nyingine zimeokotwa baada ya matamasha ya muziki. Kisiwani Lesbos, Ugiriki, watu walilala kwenye hema kama hizo katikati ya mizeituni kuzunguka Moria mpaka moto wa Septemba 2020. Kitu kilichotengenezwa kwa usiku mbili tatu wa kujifurahisha kiligeuzwa nyumba ya miezi. Tope liliingia, baridi iliingia.

Wapo watakaosema: mgeni amefika usiku, mvua inanyesha, ninyi mnaongea habari za mita za mraba? Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Hema inasimama kwa dakika kumi na inaokoa usiku ule. Basi iwe ya usiku ule. Anayeitoa aseme pia itaondolewa siku gani na nini kitafuata. Bila tarehe, msaada wa dharura unakuwa nyumba, na faili linafungwa.

Tukiulizwa tulete nini, tujibu: turubai imara la mita 4 kwa 5, wengine mnaita shitingi, pamoja na miti, misumari, kamba na panga. Kwenye makazi kama Lobule, Rhino Camp na Imvepi, mgeni anapewa kiwanja. Penye kiwanja, turubai ni mwanzo wa nyumba: leo paa, kesho linakinga matofali yasilowe, na likizeeka bado linaanikia mihogo. Waulizeni wazee wa Adumi na Koboko. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, wengi wao walikimbilia Zaire na Sudan, na wanajua vizuri tofauti ya kupewa kivuli na kupewa mahali pa kujenga.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa mkutano ujao ni rahisi. Kikundi kinunue hema mbili nzuri za zamu ya shambani, siyo sita za bei rahisi. Na barua ya kwenda kwa watu wema iandikwe upya: neno hema litoke, turubai na miti viingie. Mwenye wazo tofauti aje aliseme. Tutamsikiliza.