Si kila vumbi ni la kulipiwa

Ligi ikienda mapumziko, simu yangu huanza kujaa maswali yasiyohusiana kabisa na kandanda. Wale wale tuliokuwa nao Nyayo tukilia kuhusu penalti iliyonyimwa sasa wanataka kujua jambo lingine: "Bana, kuna mashindano ya magari ya 4x4 wikendi hii, twende ama tukae?"

Mimi ni ripota wa soka. Gari sina. Lakini kwa misimu kadhaa nimekuwa nikifuata magari haya vichakani kila ninapopata nafasi, na nimeshapoteza pesa za kutosha kuwa na msimamo. Usichague kwa bango. Kila bango lina Land Cruiser iliyozama matopeni hadi kwenye taa. Jiulize mawili tu: ukifika pale utaona nini hasa, na pesa ikitoka mfukoni mwako inaenda wapi?

Tuanze na ile kila mtu anaijua, Safari Rally. Ilianza 1953, ikatolewa kwenye kalenda ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 na makao yake yakawa Naivasha. Kwa haki kabisa, hayo si mashindano ya kupasua pori. Magari yanafuata barabara, hata kama barabara yenyewe ni vumbi laini kama unga linalomeza tairi. Ila mashabiki wengi huanzia hapo, kwa hivyo lazima tuiseme.

Uzuri wake ni kwamba unawaona wakubwa wa dunia bila pasipoti. Ogier alishinda 2021. Mwaka uliofuata Toyota ikachukua nafasi zote nne za kwanza, Rovanperä akiwa mbele. Na Naivasha unafika kwa matatu. Ubaya wake niliuonja mwenyewe: nilikaa kwenye foleni ya magari karibu saa tatu, nikatembea juani, nikapata mahali pazuri, gari likapita. Sekunde nne. Halafu unangoja dakika kadhaa upewe sekunde nyingine nne. Ni kama kwenda debi ya Mashemeji uonyeshwe kona moja moja, mpira wenyewe unachezwa uwanja mwingine.

Bado nitakwambia uende, angalau mara moja. Lakini chagua kona kali au mahali pa mchanga mzito ambapo dereva analazimika kupunguza mwendo, ufike alfajiri, ukae hapo hapo. Anayehamahama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine huishia kuona migongo ya watu.

Rhino Charge ndiyo inanipa maneno mengi. Hii haina uhusiano na kasi. Timu zinapewa vituo 13 porini, na muda wa saa 10 hivi kuvifikia vyote. Anayeshinda ni aliyetumia kilomita chache zaidi. Yaani ukizunguka kilima umejiumiza, ukikipanda wima umejisaidia. Basi utaona gari limesimama kwenye ukingo wa korongo, watu wa timu wameshuka, wanakimbia mbele kwa miguu kutafuta pa kupita, wanarudi wanabishana, mmoja anaonyesha huku, mwingine kule, na dereva ametoa kichwa dirishani kama kipa anayepanga ukuta wa frikiki. Kisha wanaamua. Gari linainama mpaka unafunga macho.

Kuna sehemu ambapo vituo vimewekwa karibu karibu ili watazamaji waone magari mengi yakihangaika mahali pamoja. Hapo ndipo pa kukaa. Gari moja linaweza kukupa nusu saa ya presha, na kama wewe ni mtu wa mpira, utajikuta umechagua timu bila kujua ni ya nani.

Swali la pili, la pesa, hapa lina jibu unaloweza kulishika kwa mkono. Mashindano haya yalianza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, na kila timu sharti ilete mchango wa kiwango kilichowekwa ndipo iruhusiwe kushindana. Uzio huo wa umeme, takribani kilomita 400, ulikamilika 2009. Ulianza kwa kumlinda kifaru dhidi ya majangili na shamba la mkulima dhidi ya ndovu. Ila wewe wa Umoja au Kawangware usiseme haikuhusu. Bwawa la Ndakaini linalolisha mifereji ya Nairobi linajazwa na mito inayotoka kwenye msitu huo huo. Tangu uzio wa Aberdare uishe, michango imeendelea kwenda kwenye misitu mingine, ukiwemo wa Mlima Kenya.

Najua mtanitumia meseji kwamba hiyo ni pikiniki ya wenye nacho. Ni kweli kabisa. Mahali penyewe hutangazwa siku chache kabla, ni mbali, unakuja na hema lako, maji yako, chakula chako na gari la kukufikisha. Helikopta zinaruka juu huku wewe unahesabu chapati zilizobaki. Lakini hebu piga hesabu ya vijitamasha vidogo ulivyohudhuria mwaka jana, kila kimoja na kiingilio, nauli na nyama choma ya bei ya uwanja wa ndege. Mimi nilipiga. Vinne vilitosha fungu langu la safari moja ya maana, tukigawana na wenzangu.

Na hivyo vidogo ndivyo vinanipa wasiwasi. Sisemi vyote ni vibaya. Kuna klabu za wapenzi wa magari zinazoandaa siku safi kabisa, kiingilio kidogo, na dereva mwenyewe anakufungulia boneti akueleze. Lakini kuna kimoja nilienda, sitakitaja, ambacho kilitangazwa kuanza saa tatu asubuhi, gari la kwanza likaingia matopeni saa nane. Katikati tulipewa muziki. Hilo ningelisamehe, hata mechi zetu huchelewa kwa kukosa ambulensi.

Ambulensi ndiyo haikuwepo, hata baada ya mchezo kuanza. Gari lilikwama, likafunga waya wa winchi kwenye mti, likaanza kujivuta. Ule waya ni wa chuma. Ukikatika ukiwa umekazwa, unarudi kama kiboko na hauchagui wa kumpiga. Inafaa waurushie hata jaketi zito juu ili ukikatika uanguke chini, na watu wote wasogezwe mbali. Pale watoto walikuwa wanauruka kama kamba ya kuchezea. Msimamizi pekee niliyemwona alikuwa anauza soda. Rafiki yangu ndiye aliyewafukuza wale watoto, akatukanwa na mzazi mmoja.

Haukukatika. Ila tangu siku hiyo, kabla sijatuma pesa napiga simu kwa waandaaji. Nauliza watazamaji watasimama wapi, na nani atawazuia kuvuka. Nauliza ambulensi itakuwa pale pale ama "iko njiani". Nauliza magari mangapi yamethibitisha, si yamealikwa. Anayejua kazi yake hujibu bila kukasirika. Anayeanza na "wewe njoo tu, itakuwa moto" huwa namshukuru na kukata simu.

Uwanjani tumezoea kwamba kati yetu na mchezo kuna ua na polisi wa kutusukuma. Porini, ua ni akili ya mwandaaji na yako.

Kwa mwaka ujao nimeshaamua. Safari Rally nitaenda siku moja tu, kona moja, na matatu ya alfajiri. Rhino Charge kwa kawaida huwa karibu na sikukuu ya Madaraka, na tuko watano ambao tumeanza kuchanga tangu mwezi uliopita. Hema tumeazima kwa mjomba wa mmoja wetu. Tunatafuta wa sita, mwenye gari linaloweza kupita kwenye matope. Akiwa shabiki wa Ingwe tutamvumilia.