Pingu Hazizuii Ajali

Basi likianguka kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, kuanzia Korogwe, Hedaru, Same hadi Mwanga, hukumu hutolewa kabla majeruhi hawajafika hospitali. Dereva mzembe. Akamatwe, afungwe, anyang'anywe leseni asishike tena usukani. Kijana wa bodaboda aliyeegesha pikipiki yake stendi ya Same husema hivyo, na kiongozi aliyesimama mbele ya vipaza sauti husema hivyohivyo. Wote wawili wanaamini kwamba ajali huletwa na mtu mbaya, na kwamba adhabu ikiwa kali ya kutosha wenzake wataogopa na barabara itatulia.

Imani hiyo inaua watu. Imekwisha kupimwa kwa miongo kadhaa katika kazi ambayo neno moja likikosewa linaweza kuzika mamia, yaani kazi ya kuongoza ndege, na huko ilishindwa vibaya. Watu wa Same wana haki ya kuijua habari hiyo kuliko wengi, kwa sababu wamelipa gharama yake.

Jioni ya Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba, wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana uso kwa uso, yakawaka moto. Taarifa ya Ikulu iliyofuata ilitaja vifo 38 na majeruhi 28, na idadi ya vifo ikaendelea kupanda. Miili 36 ilikuwa imeungua kiasi cha kutotambulika, ndugu wakabaki kusubiri vipimo ili wajue wanamzika nani. Maelezo ya awali yalikuwa mafupi: tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari.

Sentensi hiyo ikiishia hapo, kesi imekwisha. Lakini kwa mtu anayetaka watu wasife tena, uchunguzi ungekuwa ndiyo kwanza unaanza. Tairi lilikuwa na umri gani? Nani alilikagua mara ya mwisho, na alikuwa na mamlaka ya kulizuia gari lisitoke? Dereva yeyote wa njia hii akiona tairi limeanza kuchoka, anaweza kumwambia tajiri kwamba leo gari haliendi, kisha kesho akakuta bado ana kazi? Katika gumzo la stendi, jibu la swali hili la mwisho linajulikana na kila utingo. Mwezi Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, na mwezi Mei wakagoma tena. Miongoni mwa madai yao makubwa lilikuwamo la kupewa mikataba ya ajira. Mtu asiye na mkataba hawezi kukataa safari. Anaweza tu kunyamaza na kukanyaga mafuta.

Hapo ndipo watu wa anga wanapoweza kuwafundisha wa barabarani. Ndege nyingi zinazotoka Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hupita upande huu wa Upare, na abiria wake hukaa wametulia wakiitazama milima. Utulivu huo haukupatikana kwa kuwatisha waongoza ndege. Dunia ilijaribu kwanza kuwatisha, na matokeo yake yameandikwa.

Januari 31, 2001, ndege mbili za Japan Airlines zilizobeba jumla ya watu 677 zilikaribia kugongana katika anga la Japani. Mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alitaja namba ya ndege isiyo yenyewe, akaiamuru ishuke. Muda huohuo kifaa kilicho ndani ya ndege hiyo, kile kinachomwonya rubani kwamba kuna ndege nyingine mbele, kilikuwa kikimwambia apande. Rubani akamtii mwongoza ndege. Zilipishana kwa kunusurika, na watu wapatao mia moja wakaumia kwa mshtuko wa ndege kukwepa ghafla. Funzo lilikuwa bayana: mwongoza ndege akisema shuka na kifaa kikisema panda, rubani amtii nani? Serikali ya Japani iliwashtaki waongoza ndege wawili. Mahakama ya kwanza iliwaachia mwaka 2006, ya rufaa ikawatia hatiani mwaka 2008, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2010.

Swali lile lilihitaji jibu mapema zaidi. Miezi 17 tu baada ya mkasa wa Japani, usiku wa Julai 1, 2002, ndege ya abiria kutoka Urusi na ndege ya mizigo ya DHL ziligongana juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Watu wote 71 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizo Hispania. Mkanganyiko ulikuwa wa mtindo uleule: kifaa kiliwaambia marubani wa Urusi wapande, mwongoza ndege wa kituo cha Zürich akawaambia washuke, wakashuka. Dunia nzima ikamgeukia mwongoza ndege huyo, Peter Nielsen.

Wachunguzi walikuta nini? Nielsen alikuwa peke yake, akihudumia meza mbili, kwa sababu mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, desturi ya usiku ambayo uongozi uliijua na kuivumilia. Mfumo wa kumwonya kwenye skrini ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Laini kuu za simu nazo zilikuwa zimekatwa kwa matengenezo hayohayo. Waongoza ndege wa kituo cha Karlsruhe waliona hatari ikija, wakapiga simu Zürich, wakapiga tena, wakashindwa kumpata. Ungemweka pale mtu mwingine yeyote, hodari kuliko wote barani Ulaya, usiku ule ungemshinda pia. Februari 24, 2004, Vitaly Kaloyev, baba aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali hiyo, alimfuata Nielsen nyumbani kwake na kumuua kwa kisu. Uchungu wa baba yule hauna wa kuubeza. Ila hata damu hiyo haikurekebisha simu wala skrini yoyote. Yaliyorekebisha hali ni mabadiliko ya kanuni za kimataifa, zilizosema wazi kwamba rubani afuate kifaa, na kesi ya mwaka 2007 iliyowatia hatiani mameneja wanne wa Skyguide, kampuni iliyoendesha kituo cha Zürich, walioruhusu mazingira yale.

Sasa itazamwe Denmark. Mwaka 2001 nchi hiyo ilipitisha sheria inayomlinda mwongoza ndege anayetoa taarifa ya kosa lake mwenyewe ndani ya saa 72, pale ambapo hakuna ajali iliyotokea. Jina lake halitangazwi, na haadhibiwi. Kabla ya hapo taasisi ya kuongoza ndege ilikuwa ikipokea taarifa kama 15 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wa sheria mpya zikapita 900. Waongoza ndege wa Denmark hawakugeuka wazembe mwaka ule. Makosa yalikuwapo siku zote, yamefichwa chini ya meza kwa hofu, na kila moja lilikuwa ajali inayosubiri siku yake.

Kwetu pia mfano upo, tena kaskazini hukuhuku. Desemba 18, 2013, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 iliyotarajiwa kutua KIA ilitua Uwanja wa Arusha, ikamaliza lami na kuishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Siku ile ndege ndogo iliyoharibika ilikuwa imeziba njia ya kurukia ya KIA. Watu walicheka, wakasema rubani kapotea kama mgeni asiyejua njia. Kicheko kilificha mambo ya msingi. Njia ya KIA ina urefu wa mita 3,600 na ya Arusha wakati ule mita 1,620, lakini zote mbili zimeelekea upande mmoja na zina namba zilezile, 09 na 27, huku viwanja vyenyewe vikiwa haviko mbali sana kimoja na kingine. Rubani mwingine aliyechoka, akisubiri njia ifunguliwe, anaweza kuingia mtego uleule. Kumfukuza wa kwanza hakumsaidii wa pili.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inawabeba walevi na wahuni wa barabarani. Haiwabebi. Hata sheria ya Denmark haimlindi aliyelewa wala aliyefanya kusudi. Anayelipita gari jingine kwenye kona ya kuteremka kutoka Mamba Miamba, akiwa amejaza abiria juu ya magunia ya tangawizi, apelekwe mahakamani. Lakini tofauti kati ya mhuni na mtu aliyekosea akiwa kazini lazima ijulikane na ilindwe kisheria. Leo trafiki hawezi kuijua, kwa sababu kazi aliyopewa ni kujenga kesi. Ndege ikianguka, mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchunguzi ulenge kuzuia ajali nyingine, usigawe lawama. Ndiyo maana ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 6, 2022, na kuua watu 19 kati ya 43, wachunguzi walitoa ripoti ya awali mwezi uleule, wakasema pasipo kuficha kwamba uokoaji rasmi ulichelewa. Waliokufa Sabasaba walistahili macho ya namna hiyo.

Usafiri wa anga wenyewe nao usijipongeze mapema. Nchi imetumia shilingi bilioni 67.3 kununua rada nne, za Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe, na ni jambo jema. Rada huonyesha ndege ilipo. Haionyeshi mwongoza ndege anayesita kusema kwamba jana alichanganya namba. Na hapa pana kasoro ambayo wakubwa hawapendi kuizungumza: Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ndiyo inayowaajiri waongoza ndege, na ndiyo hiyohiyo inayosimamia sekta na kutoa leseni zao. Anayepokea ungamo la kosa lako ni yuleyule anayeweza kukuondolea riziki. Nchi nyingi zimetenganisha kazi hizi mbili. Tanzania ifanye hivyo, na Kenya, ambayo mamlaka yake nayo imebeba mizigo yote miwili, haina sababu ya kusubiri.

Kwa barabara, cha kuanzia ni chepesi kuliko rada. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inayo mifumo ya kufuatilia mwendo wa mabasi, na data zake hutumika zaidi kumnasa dereva. Zitumike pia kumbana tajiri anayepanga ratiba isiyowezekana. Bunge liunde chombo huru cha kuchunguza ajali kubwa za barabarani, kisicho chini ya polisi, chenye wajibu wa kuchapisha kila kilichogundua. Na dereva, utingo au fundi wa gereji anayetoa taarifa ya tairi bovu, breki mbovu au zamu ya saa nyingi kupita kiasi alindwe kwa sheria yenye meno, asifukuzwe na asitajwe. Mabasi yanayolala Same huondoka alfajiri, kiza bado kikiwa juu ya milima. Yule anayejua tairi lipi limechoka huwa amesimama hapo hapo, na hadi leo bado anaogopa kusema.