Walioandamana na Mifuko Kichwani

Tarehe 13 Oktoba 1990, mamia ya watu walipita katika mitaa ya Johannesburg kwenye maandamano ya kwanza ya Fahari (Pride) ya mashoga na wasagaji barani Afrika. Baadhi yao walikuwa wamejivika mifuko ya karatasi kichwani. Mtu anadai atambuliwe, na sura kaificha! Cheka ukitaka. Kwangu mimi, mifuko ile inaeleza shabaha ya siku hiyo vizuri zaidi kuliko bendera za upinde wa mvua zinazopepea leo London na New York, nyingine zikiwa na nembo ya benki. Walioivaa walikuwa na ajira za kupoteza na wazazi wasiojua lolote, na bado walikuja. Aibu waliyolishwa tangu utotoni walianza kuitema pale, hadharani, hata kabla hawajathubutu kuonyesha nyuso.

Mmoja wa waandalizi, Simon Nkoli, hakujificha. Alikuwa amekamatwa mwaka 1984 kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas, na humo gerezani akawaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Wapo waliochukia kushtakiwa pamoja naye. Walibishana mpaka wakamkubali. Nkoli alishikilia kwamba hawezi kugawanywa, Mwafrika huku na shoga kule, apiganie uhuru wa nusu yake. Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya 1993 ikawa ya kwanza duniani kutaja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda.

“Si wafanye yao chumbani, kimya kimya?” Swali hilo halikauki. Anayeuliza huenda jana tu alikuwa kwenye msafara wa harusi, matarumbeta yakilia na magari yamefunga njia. Mapenzi yake yeye yana kamati, michango, cheti na picha sebuleni. Na hicho chumba chenyewe hakina faragha: Kenya sheria inataja miaka 14 jela, Tanzania inafika kifungo cha maisha, na Uganda, tangu 2023, adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Dola imeshaingia chumbani. Watu watajibia wapi kama si barabarani?

Hata hivyo simhimizi mtu wa Dodoma au Mombasa atoke kesho. Agosti 2014, siku chache baada ya mahakama kuibatilisha sheria ya Uganda ya mwaka ule dhidi ya ushoga, watu waliandamana Entebbe, katika bustani ya mimea kando ya Ziwa Victoria, baadhi wakiwa na vinyago. Miaka miwili baadaye polisi walivamia hafla ya Fahari jijini Kampala. Kila mtu anaijua hatari iliyo mlangoni kwake, na ujasiri wa kulazimishwa na wengine hauna thamani. Ndiyo maana baadhi ya waandishi wa toleo hili wametumia majina ya kubuni, na wengine wameweka majina yao kamili. Tumewapa wote kurasa sawa.