Tuziokoe mashine za gemu za zamani bila kuzikata

Anayechomeka Sega Mega Drive au Super Nintendo kwenye televisheni bapa ya leo mara nyingi hukutana na picha iliyofifia, herufi zenye ukungu na mhusika anayechelewa kuruka baada ya kitufe kubonyezwa. Wengi huamua papo hapo kwamba mashine imekwisha. Uamuzi huo si wa haki, kwani mashine ikiwa nzima hutoa picha ileile iliyotoa miaka ya 1990. Kilichobadilika ni televisheni inayoipokea. Mashine za kizazi hicho zilitengenezwa kwa ajili ya TV za chogo. Matoleo ya Japani na Marekani hutuma picha yenye mistari ipatayo 240, mara 60 kwa sekunde, na kila picha imejitosheleza. TV ya chogo huichora kama inavyokuja. Televisheni nyingi bapa huidhania kuwa ni matangazo ya kawaida ya mistari 480, ambayo hutumwa nusu kwa nusu, hivyo huchukua picha mbili tofauti na kuzichanganya ziwe moja, kisha huivuta ijae kioo kizima. Kivuli cha mhusika, ambacho waundaji wa gemu walikiwasha na kukizima picha baada ya picha ili kionekane chepesi, kinaweza kutoweka kabisa. Kwa kuwa tatizo liko kwenye mapokezi, tiba nayo ianzie huko. Mashine hizi zinastahili kurekebishwa ili ziendelee kuchezwa, lakini fundi aanze nje, aingie ndani pale tu inapolazimu, na kila atakachofanya kiwe kinaweza kuondolewa.

Ushahidi wa kwanza uko nyuma ya mashine zenyewe. Super Nintendo, Mega Drive, PlayStation ya kwanza na PlayStation 2, iliyozoeleka mno katika vibanda vya gemu vya miji yetu, zote zina uwezo wa kutoa picha safi kuliko ile inayopita kwenye waya wa manjano. Waya huo hubeba rangi zote na mwanga vikiwa vimechanganywa pamoja, na televisheni hulazimika kuvitenganisha kwa kubahatisha. Ukitumia waya unaozipitisha rangi kila moja njia yake, kisha ukaweka katikati kifaa cha kubadilisha mawimbi kama OSSC au RetroTINK, sehemu kubwa ya ukungu huondoka bila hata parafujo moja kufunguliwa. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuurudufu kila mstari unapofika bila kusubiri picha nzima, kwa hiyo hakiongezi ucheleweshaji wa kuhisika. Hapa mnunuzi awe macho: vile vibadilishi vya bei rahisi vya kwenda HDMI, vinavyopokea waya uleule wa manjano, aghalabu hufanya kosa lilelile la televisheni na kulihamishia kwenye kiboksi kidogo.

Zipo mashine zinazodai kufunguliwa kweli. Famicom ya mwaka 1983 ilitoa picha kwa njia ya antena tu, na ndugu yake NES haitoi rangi zilizotenganishwa, kwa sababu chipu yake huzichanganya kabla hazijatoka. Anayetaka picha safi hana budi kuing'oa chipu hiyo yenye miguu 40, aondoe risasi kwenye kila mguu, kisha aweke kibao kidogo cha saketi kati yake na ubao mkuu. Joto likizidi, njia za shaba hubanduka na mashine nzima ikaharibika. Kazi hiyo inafaa, ila ifanywe na mwenye mkono uliozoea, asitoboe kasha la plastiki, na kila kipande kilichotolewa kikabidhiwe kwa mwenye mali.

Wakusanyaji wa vitu vya kale watapinga kwamba mashine iliyoguswa imepoteza uhalisia wake. Wana haki wanapokemea msumeno, lakini kutogusa si sawa na kuhifadhi. Xbox ya kwanza, iliyotoka mwaka 2001, inajulikana kwa kapasita ya saa ambayo katika matoleo mengi huvuja majimaji na kuula ubao taratibu hata ikiwa kabatini. Asiyeifungua akaitoa kapasita hiyo anaiua mashine kwa heshima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wengine watauliza kwa nini tusicheze gemu hizo kwenye kompyuta, au tununue matoleo mapya yaliyoidhinishwa. Programu za kuigiza mashine za zamani zina manufaa makubwa, lakini uigizaji hupimwa kwa kulinganishwa na mashine halisi. Matoleo mapya nayo hayatoshi: NES ndogo ya mwaka 2016 ilikuja na gemu 30 tu, na utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Wapo pia wanaosema TV ya chogo inatosha. Katika gemu ya Duck Hunt wana hoja, maana bunduki yake hutegemea mwanga unaotokea kiooni papo hapo, na kioo bapa huchelewa. Chache zitunzwe kwa ajili hiyo. Lakini TV hizo zimeacha kutengenezwa, ni nzito, na kila inayokufa haina mrithi.

Kinachobaki ni wajibu. Kampuni zilizoacha kuuza mashine hizi zitoe michoro ya saketi zake, kama walivyofanya waundaji wa OSSC kwa kuiweka ya kwao wazi kwa umma. Vyuo vya ufundi vizitumie kufundishia, kwani saketi zake zinafuatika kwa urahisi kuliko za simu za leo. Nawe mwenye mashine ya zamani kabatini, usiitupe wala usikimbilie kuifungua: tafuta kwanza waya sahihi, kisha kibadilishi kizuri, na fundi awe wa mwisho.