Kabla ya kusema "fungua seva" 2027, seva zipimwe kwanza

Neno "fungua seva" limekuwa sehemu ya Kiswahili chetu tangu 2017. Utalisikia barazani Mji wa Kale, utalisikia kwenye feri ya Likoni, na ukipanda basi hadi Migori utalikuta limetangulia kufika. Ukimuuliza anayelisema ndani ya seva kuna nini, atakwambia kuna kura zetu. Wachache watakwambia ndani kuna prosesa, kitu ambacho kazi yake yote ni kuhesabu, na kwamba kitu hicho chaweza kukosea hesabu bila mkono wa mtu kukigusa.

Mimi nina diploma ya kompyuta na riziki yangu naipata kwa kuhudumia mashine za ofisi za watu, kwa hivyo nivumilieni niingie huko kidogo kabla ya siasa.

Prosesa mbovu tuliyoizoea sisi mafundi huzima mashine au huigandisha. Huo ni ubovu mwema, maana unajitangaza. Kuna mwingine usiosema. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza mkasa wa mafaili yaliyokuwa yakipotea katika seva zao. Walipofuatilia wakafika kwenye kiini kimoja tu cha prosesa moja. Kilipoulizwa 1.1 ikizidishwa yenyewe mara 53 ni ngapi, namba nzima bila desimali, kilijibu sufuri. Jibu ni 156. Baadhi ya hesabu nyingine kilizipatia vizuri, na wala hakikutoa onyo lolote. Mwaka huo huo wahandisi wa Google wakasema wao pia hukuta viini vichache vya aina hiyo katika kila mashine elfu kadhaa.

Hawa ni watu wenye seva nyingi kuliko serikali yoyote ya Afrika Mashariki, na bado kiini kimoja kiliwahangaisha.

Njia ya kuvinasa ni programu za uchunguzi. Programu inakipa kila kiini, kimoja kimoja, hesabu ambazo majibu yake yanajulikana: kubana faili na kulifungua, kuzidisha majedwali ya namba, kufunga maandishi kwa siri na kuyafungua tena. Inarudia maelfu ya mara, mashine ikiwa imetulia na ikiwa imepata joto, kwa sababu viini vingine hukosea vikipata moto tu. Jibu likitofautiana, kiini kinatajwa kwa namba yake na prosesa inatolewa. Intel wenyewe wameitoa moja, OpenDCDiag, tena bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Gharama yake ni muda wa fundi na umeme. Sharti lake ni kurudia, kwani kiini kilichofaulu mwezi huu chaweza kuchakaa mwezi ujao.

Sasa kura. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alipewa na mashine kura 4,096 za ziada. Iligunduliwa kwa sababu moja tu: jumla yake ilizidi kiasi kilichowezekana. Wataalamu walipekua programu wasipate kosa, na maelezo yaliyobaki ni kwamba tarakimu moja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta iligeuka yenyewe. Kumbukumbu si prosesa, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Lau zingezidi kura 64, nani angejua?

Kwetu, Machi 2013, skrini za Bomas zilionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Baadaye tume ikasema programu ilikuwa ikizizidisha mara 8, na hesabu ya mkono ikatoa 108,975. Huenda ilikuwa hivyo hivyo. Lakini maelezo yalikuja baada ya watu kuona, na maelezo ya baada ya tukio katika nchi hii hayana bei.

Hapo ndipo Homa Bay na Migori zinapoingia. Agosti 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva zikaguliwe, tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa. Marudio yalipofika tarehe 26 Oktoba, Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori hazikupiga kura. Ikasogezwa hadi Jumamosi, kisha ikaachwa kabisa, na mshindi akatangazwa bila maeneobunge 25. Mkuu wa teknolojia wa tume, Chris Msando, alikuwa ameuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa kwanza. Nilipokuwa Kendu Bay kwa kazi, mzee mmoja aliniambia nje ya msikiti baada ya isha: "Bwana Mombasa, hiyo mashine hata ikiungua kwa jua, hapa tutasema imechomwa." Sikumbishia. Ndivyo ningesema na mimi ningekuwa yeye.

Kwa hivyo hatari ninayoiona 2027 ni kosa lisilo na mkosaji. Kiini kimoja kikosee jumla ya kaunti moja usiku wa kutangaza, na hakuna mhandisi duniani atakayeeleweka Rongo au Mbita asubuhi yake. Watu watatoka barabarani, na tunajua 2017 waliotoka walikutana na nini.

Atakuja msomaji na kusema karatasi ipo. Kweli, nayo ndiyo kinga yetu kubwa. Mwaka 2022 picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, na mtu wa Kisauni aliweza kujumlisha mwenyewe. Hata ule mkorogo wa karatasi za ugavana wa Mombasa ulionekana kwa macho, uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 29 Agosti. Lakini taharuki haingoji hesabu ya mkono imalizike. Wala uchunguzi wa prosesa hauwezi kumkamata mwizi. Unachoweza ni kuondoa kisingizio kimoja, kwa anayeiba na kwa anayeshuku.

Tarehe 27 Novemba 2025 Magarini na Kasipul zilipiga kura siku moja, chini ya tume moja, Pwani na Homa Bay. Matokeo yamepita. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na tume itafanya jaribio lake la kurusha matokeo kama ilivyozoea. Safari hii iambatanishe orodha ya seva, viini vyake, programu iliyotumika kuvipima, tarehe za kila kipimo na majina ya mawakala wa vyama walioshuhudia. Nakala ya kwanza ibandikwe Homa Bay na Migori, ya Mombasa ifuate.